Plau Nyembamba ya Baba

Kwa nini mtu anunue plau ya theluji, lile bamba la chuma la kufungwa mbele ya gari, mahali ambapo theluji huanguka mara tatu au nne kwa msimu, halafu huyeyuka yenyewe kabla ya Jumapili? Nilikuwa na miaka minane nilipouliza swali hilo kwa mara ya kwanza, nimekaa kwenye meza ya jikoni kule Laurel, Marekani, miguu yangu haijafika sakafuni, na hakuna aliyenijibu. Baba alikuwa anakata kamba. Mama alikuwa ametupa mgongo, anakoroga uji ambao, nakumbuka vizuri, ulikuwa umeshaiva.

Siku hizi naishi ghorofa ya nne, na theluji ya mtaani kwangu huondolewa na watu nisiowajua. Lakini kila majira ya baridi huwa kuna asubuhi moja inayoniamsha kwa sauti ile: chuma kinakwaruza lami, kinanyamaza, gari linarudi nyuma, chuma kinashuka tena na kukwaruza. Majirani hulalamika. Mimi hulala macho wazi nikiisikiliza ikija na kuondoka, na kabla sijakumbuka niko wapi, pua yangu huwa imeshajaa harufu ya mchanga mbichi, mafuta ya mashine, na chai ya tangawizi iliyomwagikia kiti cha pikapu miaka mingi iliyopita. Huchukua muda kurudi kuwa mtu mzima.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ndogo, ya mbao, pembeni kabisa mwa mji, nyuma ya vibanda vya vioo vya mtu aliyewahi kuuza miche na maua. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwetu kulikuwa na njia ya gari ya kokoto, ambayo sisi sote tuliiita draivwei kwa sababu hakuna aliyekuwa na subira ya kuitafutia jina jingine. Ilishuka, ikapinda kuzunguka mwaloni mnene, halafu ikapanda kidogo hadi kwenye ngazi. Wakati wa kiangazi ilikuwa njia nzuri mno. Jua lilipenya katikati ya majani, nami nililala juu ya kokoto zenye joto nikijiuliza kama miti inajua kuwa inatazamwa. Wakati wa baridi ilikuwa shimo.

Mama alikuwa mhudumu wa wagonjwa majumbani. Mgonjwa wake alikuwa ajuza mmoja aliyeishi peke yake kule Upper Marlboro, kwenye shamba la zamani la tumbaku, miguu yake yote miwili imekwisha kufa ganzi. Mama alimwita Susu, kama tunavyowaita bibi zetu kule Makueni, na yule ajuza aliitikia bila kuuliza maana yake. Mama alikuwa akifika saa moja asubuhi kumwinua, kumwogesha na kumlisha, na kuondoka saa moja jioni akiwa ameshamlaza. Baba, ambaye alikuwa mlinzi kwenye ofisi moja huko huko Marlboro, ndiye aliyempeleka na kumrudisha.

Msimu wa baridi uliotangulia, theluji ilitufungia nyumbani siku mbili. Siku mbili hizo Susu alilala mahali pale pale Mama alipomwacha, hadi jirani mmoja alipofanikiwa kupita. Upande mmoja wa mgongo wake ulifanya kidonda kidogo, cha ukubwa wa kifungo cha koti, na Mama alikiosha na kukifunga kila siku hadi maua yakachanua na yakapukutika. Kampuni iliyomwajiri ilimwambia kuwa akikosa kufika mara nyingine, kazi imekwisha. Lakini si hilo lililomkosesha raha.

“Kazi nitapata ingine,” nilimsikia akimwambia Baba. “Lakini ule mgongo, nani atamrudishia?”

Basi Oktoba ilipofika na majani yakaanza kuwa mekundu, Baba alileta nyumbani kamba ndefu ya katani, akaipiga fundo kila hatua moja ya mguu wake, na akaniita nimshikie ncha. Tulipima draivwei yote. Nilisimama barabarani, yeye akashuka na kamba hadi kwenye mwaloni, akauzunguka, akapotea, na kwa muda nikawa nimeshika kamba iliyoingia kwenye miti na kutoka ikitikisika kidogo, kama vile upande wa pili kulikuwa na samaki mkubwa mwenye adabu. Jumapili yake tulikwenda kupima njia ya Susu. Ile ilikuwa ndefu zaidi, ikipanda kilima na kupita katikati ya maghala mawili ya tumbaku yaliyoinama kuelekeana, kama wazee wawili wanaosengenya. Susu alitutazama kutoka dirishani, shuka limemfika kidevuni. Alipunga mkono. Nilimpungia na fundo la kamba.

Mzee Kioko, rafiki wa Baba kutoka kanisani na dereva wa lori la kusambaza vinywaji, alitukuta tukiizungusha kamba ile kwenye mwaloni wetu kwa mara ya pili.

“Mutua,” akasema, “unampimia nani kaburi?”

“Napima kona.”

“Kona ya nini? Nunua lori, weka plau pana kama mlango wa kanisa, maliza. Theluji ni kama serikali, huwa inaheshimu ukubwa tu.”

“Hata kama ni kubwa, itageukia wapi?”

“Inageuka ya nini? Si inaenda mbele!”

Baba alicheka, lakini hakujibu. Alikuwa mtu wa kumwacha mwenzake ashinde kwa maneno, kisha akafanya alichokuwa amepanga. Mimi tabia hiyo iliniudhi. Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa amenihamishia kiti cha nyuma kwa sababu nilitaka kujua Nuhu alitupa wapi kinyesi cha tembo, na sikuona kwa nini baba yangu aachwe bila kuhojiwa. Nikamwuliza tena, kwa Kiingereza, maana watoto wote wa kule tulisikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza: kama theluji inakuja mara tatu tu, kwa nini tusikodi mtu? Akaniambia niikunje kamba vizuri isije ikajifunga.

Jumamosi moja tulivuka mto kwenda Herndon, Virginia. Anko Shomari alifanya kazi huko, kwenye gereji karibu na uwanja wa ndege. Alikuwa fundi kutoka Tanga, mwembamba, mtaratibu wa kusema, mwenye Kiswahili ambacho Mama alisema kinafaa kuvaliwa Idi. Alitupeleka kwenye yadi ya magari yaliyotumika, ambako mapikapu na malori yalipangwa mistari, mengine yakiwa na plau zao mbele, zimeinuliwa juu kama sahani za majitu waliokwisha kula. Kila dakika chache ndege ilipita juu yetu ikiwa imeteremsha magurudumu, na maneno yote yalisimama angani hadi ipite. Ndiyo maana nakumbuka mazungumzo ya siku ile kwa vipande, kila kipande kikiwa na ukimya mwanzoni na mwishoni.

“Sikiliza, Bwana Mutua,” Shomari alisema, ameweka mkono juu ya boneti la lori kubwa jekundu. “Plau ni mzigo wa mbele. Gari lisilo na miguu imara ya mbele litapiga magoti. Na mbele kukizidi uzito, nyuma kunaelea, tairi zinacheza ngoma, hufiki popote. Kwa hiyo nyuma nako watia mifuko ya mchanga. Umenielewa?”

“Nimekuelewa.”

“Halafu usidanganywe na watu wa kaskazini. Theluji yao kavu, kama unga. Hii ya kwetu hapa imelowa, kama ugali wa juzi. Inchi chache tu zinakuvunja mgongo. Na njia yako ni kokoto, siyo?”

“Kokoto. Zote mbili.”

“Basi plau lazima ivae viatu. Vile vyuma vya chini. Vinaiinua vidole viwili, isile mawe.”

Ndege ikapita. Ilipokwisha kupita, Baba alikuwa ameshatoa kamba yake kwenye buti la gari. Aliitandaza juu ya lami ya yadi ile, fundo kwa fundo, akainama na kuinuka na kuirekebisha kwa ncha ya kiatu, hadi nikatambua ninachokitazama. Ilikuwa ni draivwei yetu. Mteremko haukuwepo, wala kivuli, lakini kona ilikuwa ile ile. Akanishika mabega na kunisimamisha mahali fulani.

“Wewe simama hapa usitikisike. Wewe ni ule mwaloni.”

Muuzaji mmoja wa Kimarekani alitoka ofisini na kikombe chake cha kahawa, akatutazama, akamtazama Shomari, na Shomari akamwelezea jambo kwa upole. Yule mtu akainua mabega, akarusha funguo.

Kwa hiyo nilikuwa mti. Nilisimama na mikono imenyooka pembeni, nikinusa petroli na majani makavu, huku Shomari akileta gari moja baada ya jingine, polepole, plau ikiwa chini karibu na ardhi. Lori jekundu liliingia kwenye kamba kama ng'ombe anayeingia duka la vyombo, likafika kwenye kona, likakanyaga kamba, likasimama. Baba alitikisa kichwa. “Huyo amekula mti,” akasema. La pili, pikapu ndefu nyeusi yenye plau inayokunjika katikati, ilipita kona ya kwanza lakini ikashindwa kurudi nyuma. Baba akamwambia Shomari arudie, naye akarudia, na tairi ya nyuma ikalala juu ya kamba. Amekula mti. Niliona fahari ya ajabu kuliwa mara nyingi vile na bado nimesimama.

“Mkenya,” Shomari alisema akishuka, anajifuta mikono, “watu huja hapa kununua gari. Wewe umekuja kununua kona.”

Baba akachuchumaa kwenye kamba. Sikumsikia akizungumza sana kuhusu kwao, na nadhani ndiyo maana maneno yake ya siku ile yalibaki. “Shamba letu ni ngazi,” alisema. “Kilima kimekatwa matuta, kila tuta jembamba. Kulikuwa na jirani, alikuwa na madume mawili makubwa ya ng'ombe, kila mtu akimwonea wivu. Akilima, anafika mwisho wa tuta, hageuki. Lazima awafungue, awazungushe kwa miguu, awafunge tena. Sisi tulikuwa na vidume vidogo, vina mbavu nje. Vinageuka pale pale kama mtu amesahau kitu nyumbani. Saa nne tumemaliza, tunamtazama yeye.”

“Na Mutua mdogo alishika mpini?” Shomari aliuliza.

“Mimi nilikalishwa kwenye gogo. Wakishalima, wanafunga gogo wanaburuta kusawazisha udongo. Likiwa jepesi linarukaruka. Kwa hiyo wanaweka mtoto juu.”

Gari la nane au la tisa lilikuwa pikapu fupi, ya kijani kilichochujuka, yenye viti viwili na nafasi ya mtoto katikati, na magurudumu yote manne yakivuta. Plau yake ilikuwa imetolewa kwenye gari jingine, nyembamba, kona moja imekunjika kama ukurasa wa kitabu. Lilipita mbele yangu, plau ikikaribia tumbo langu kiasi cha kiganja, likazunguka, likarudi nyuma, likatoka lilikoingia. Kamba haikuguswa. Baba aliitazama kamba kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama gari.

Jumapili, nje ya kanisa, Mzee Kioko alilizunguka gari tulilonunua mara mbili, mikono nyuma.

“Hii ni plau ama ni kijiko?” akauliza. Watu wakacheka. Akamgeukia Mama, aliyeitwa kwa jina langu. “Mama Mwende, huyu amekununulia kitu ya kukoroga chai.”

“Chai yenyewe ikishamwagika, tutaona nani anapangusa,” Mama akamjibu, na ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa kumwona akitabasamu kwa meno.

Lazima niseme ukweli juu ya theluji ya kwanza. Ilikuja mapema Desemba, nyepesi, haikufika hata kwenye kifundo cha mguu. Baba aliamka nayo kama mtu aliyepata mgeni. Akalala chini ya plau akavifungua vile viatu vya chuma, kwa sababu kwa macho yake plau inayoelea juu ya ardhi bila kuuma ilikuwa mvivu. Mkono wake, uliokulia kwenye udongo, ulitaka kusikia chuma kikizama. Na kilizama. Nilisimama dirishani nikiwa na nguo za kulalia, nikaona theluji nyeupe ikiviringika mbele ya gari, halafu ikawa ya kijivu, halafu ikawa mawe. Alikwenda hadi barabarani na kurudi, ameketi wima, ameridhika, na nyuma yake draivwei yetu ilikuwa mtaro wa udongo mwekundu ulionyooka vizuri sana. Kokoto zote zilikuwa zimelala kwenye nyasi.

Mama alitoka hadi ngazini, amejifunga leso juu ya sweta.

“Baba Mwende,” akasema, “umelima.”

Baba akazima injini.

“Sasa tunangoja mvua, ama unapanda mbegu kavu?”

Mama alicheka hadi akakaa kwenye ngazi yenye barafu. Tuliokota kokoto wiki mbili, ndoo kwa ndoo. Baba alivirudisha viatu vya plau, na tangu siku hiyo kila alipolipita gari lile aliinama kuvitazama kwanza, kama anayehakikisha mtoto amefunga kamba.

Theluji kubwa ilianza mchana mmoja wa Januari, nikiwa shuleni. Ilianguka kwa vipande vipana, bila upepo, na dunia ikapunguza sauti yake. Walituachilia mapema. Jioni Baba na Mama walirudi kutoka Marlboro gari likiwa na kofia nyeupe. Shule ilikuwa imeshatangazwa kuwa haitafunguliwa, na hapakuwa na mtu wa kuniachia. Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri Mama alinivisha suruali mbili na soksi tatu, na nikabebwa hadi kwenye kiti cha katikati, nusu nimelala. Weupe wa nje ndio uliokuwa taa. Kioo cha mbele kilikuwa na duara moja dogo lililofutwa, na kupitia duara hilo niliona theluji ikija kwetu bila kutufikia.

Draivwei yetu ilituchukua mara tatu kwenda na kurudi. Kona tuliipita kama vile gari lilizaliwa pale. Kwenye barabara kubwa malori ya kaunti yalikuwa yameshapita. Baba aliendesha taratibu, chai ikatingika, nikalala, nikaamka, nikalala tena begani kwa Mama, na kila nilipofungua macho tulikuwa mahali pale pale peupe. Nilidhani labda hatusogei, ila ni nchi inayopitishwa chini yetu.

Niliamshwa na gari kusimama. Tulikuwa tumefika kwenye njia ya Susu, katikati ya maghala mawili, na tairi za nyuma zilikuwa zinazunguka bure. Theluji ya pale ilikuwa imenyeshewa mvua ya barafu na imekuwa nzito kuliko alivyowahi kutuonya Shomari. Baba hakuwa amejaribu kuisukuma yote kwa mkupuo. Aliimega vipande, kutoka ukingoni, anasukuma kidogo, anarudi, anageuka, anasukuma pembeni, na hapo ndipo plau pana ingekwama kwenye nguzo za ghala. Kona hazikumshinda. Kilichomshinda ni kilima. Mifuko ya mchanga nyuma ilikuwa minne, na haikutosha. Saa ya gari ilionyesha saa moja kasoro dakika ishirini.

Mama akafungua mlango. “Naenda kwa miguu.”

Alizama hadi kwenye mapaja. Alijaribu hatua ya pili, akashikilia kioo cha pembeni, na nikaona uso wake. Kule juu taa ya dirisha la Susu ilikuwa inawaka, ndogo, ya njano, kama kitu kilichodondoshwa.

“Mama Mwende,” Baba akasema. “Panda nyuma.”

“Nyuma wapi?”

“Kwa mchanga. Nahitaji uzito.”

Mama akamgeukia, theluji kwenye nyusi. “Unaniambia mimi ni mzito?”

“Leo nakuambia na shukrani.”

“Na mtoto?”

“Mlete naye. Hata yeye ana kilo zake.”

Basi tulipanda kilima kile hivyo: Mama ameketi juu ya mifuko ya mchanga ndani ya sare yake nyeupe na koti, mgongo umeegemea dirisha la nyuma, mimi mapajani pake, blanketi limetufunika hadi puani, na gari likienda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Tulikuwa tunatazama tulikotoka. Niliona njia ikizaliwa chini ya miguu yetu, nyembamba, safi, kokoto zikionekana moja moja, na kuta mbili za theluji zikisimama pembeni. Maghala yalisogea mbali yakiinamiana. Gari lilirudi nyuma, likakusanya nguvu, likapanda tena, na kila mara lilipoteleza nilihisi Mama akijibana chini, kwa makusudi, kama mtu anayejaribu kuwa mzito kwa nia tu. Alikuwa ananong'ona kwenye kofia yangu. Nilidhani ananiimbia. Alikuwa anahesabu dakika.

Sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile, na sikujua kuwa kulikuwa na mtu aliyeogopa.

Tulifika saa moja na dakika kumi na mbili. Mama aliingia bila kuvua buti, nami nikamfuata hadi kwenye chumba chenye joto na harufu ya sabuni ya mawaridi. Susu alikuwa macho, nywele zake nyeupe zimetawanyika juu ya mto.

“Umechelewa,” akasema.

Mama alipiga magoti kando ya kitanda, akafikicha viganja vyake hadi vikapata moto, akaingiza mkono polepole chini ya mgongo wa yule ajuza, na akabaki hivyo, kichwa ameinamisha, kama anayesikiliza kwa vidole. Kisha mabega yake yakashuka. “Pakavu,” akaniambia kwa Kikamba, ingawa mimi ndiye niliyekuwa sielewi umuhimu wake. Nje Baba alikuwa anaendelea kusafisha mbele ya mlango. Chuma kilikwaruza, kikanyamaza.

Plau ile ilifanya kazi mara nne msimu ule, na mara tatu uliofuata. Baada ya hapo kukawa na baridi moja isiyokuwa na theluji kabisa, na gari likakaa chini ya mwaloni likiokota majani hadi Shomari alipompatia Baba mnunuzi. Mzee Kioko hakuchoka kutania habari za kijiko. Susu aliishi miaka mingine mitatu, na hakupata kidonda kingine.

Mimi nilikua nikaenda chuo kikuu, nikasomea uchumi, na huko nikajifunza majina rasmi ya kila kosa ambalo baba yangu alilifanya. Niliwahi kumweleza kwa kirefu, likizo moja, jinsi ununuzi ule haukuwa na mantiki: mtu anunue gari zima, na plau, na mchanga, kwa ajili ya asubuhi saba. Nilikuwa na sauti ya kujiamini waliyo nayo watu wa miaka ishirini. Baba alinisikiliza hadi mwisho, akasema nimesoma vizuri, akaniuliza kama nimekula. Mama alikuwa anakunja nguo. Hakuna aliyenijibu, na nilidhani ni kwa sababu nilikuwa nimeshinda.

Mwaka juzi Mama alistaafu, na nikaenda kumsaidia kupanga makaratasi yake. Katika bahasha ya kahawia nilikuta barua kutoka kwa ile kampuni ya zamani, ya Septemba ya mwaka ule wa kamba. Walimpa nafasi mpya kwa Susu: chumba chake mwenyewe juu ya jikoni, kulala huko usiku sita kwa wiki, kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi, ili theluji isiwe sababu tena. Walitaka jibu. Chini ya barua, kwa mkono wake, Mama alikuwa ameandika rasimu ya jibu hilo, ameifuta mara mbili na kuianza upya, hadi zikabaki sentensi mbili: Nitafika saa moja kila asubuhi. Nina mtoto, na nalala nyumbani.